Kijiti Penye Kiota

Katika nyumba ya marehemu Wenceslaus, mtu hakulima juu ya mayai. Ukikuta kiota shambani unaweka jembe chini, unavunja kijiti, unakimenya gome mpaka kiwe cheupe, kisha unakichomeka kando ya mayai. Kila anayekuja nyuma yako na jembe anakiona kwa mbali na kukizunguka. Ndege wakishaangua, unarudi kulima kile kipande kilichobaki. Majirani pale Ikongwa, kijiji cha wakulima upande wa Usinge, waliuona utaratibu huo ni wa watu wenye muda wa kuchezea, lakini taratibu nao wakauiga. Aliyeuanzisha ni mama yake Wenceslaus, au labda aliurithi kwa mama yake. Ukimwuliza bibi yule, alikujibu kwamba swali hilo halijawahi kumshibisha mtu.

Mektilda aliukuta utaratibu huo alipoolewa. Kwao Ziba viota vya chini vilikanyagwa na ng'ombe na hakuna aliyeomba radhi. Mwanzoni alimenya vijiti ili kumfurahisha mama mkwe, kama afanyavyo mkamwana yeyote mwenye akili. Baadaye akawa anavimenya kwa raha yake mwenyewe.

Ndege waliotaga zaidi shambani mwake ni wale wa miguu mirefu myekundu, wenye kichwa cheusi kilichozungushiwa utepe mweupe. Mama mkwe aliwaita walinzi, na nyumba nzima ikawaita hivyo. Mlinzi hajengi kiota cha maana. Anakwangua udongo mtupu mwishoni mwa kiangazi, anatupia vijani vikavu na mavi ya mbuzi, anataga. Mayai yake yana rangi ya udongo wenyewe, unaweza kuyatazama na usiyaone. Lakini ukikaribia, ndege anakupigia kelele kana kwamba shamba ni lake na wewe ndiye mvamizi.

Wenceslaus alipofariki, watu wote walimwonea Mektilda huruma. Walipunguza sauti akipita, walimwinamishia vichwa, walimwita maskini. Ni walinzi tu waliomgombeza kama zamani. Alifika shambani na jembe lake, nao wakamrukia juu ya kichwa wakimfokea, na yeye akawajibu, "Nyamazeni, nimewasikia!" na moyo ukawa mwepesi kidogo. Mwanawe Vedasto yuko Tabora mjini, anapakia magunia dukani kwa Parvez, na simu zake ni fupi. Kwa hiyo usishangae mama mtu mzima akipenda ndege wenye kelele.

Zamani walikuwa wengi. Mwaka huu ilibaki jozi moja, na kama jozi hiyo isingeangua, Mektilda hakuona ni nini kingeirudisha shambani mwake mwaka mwingine.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye nyonga ya Josepha. Josepha ni dada yake Wenceslaus, wifi yake Mektilda, mwembamba wa mwili na mnene wa maneno. Kabla ya hapo wanawake wa Ikongwa walikwenda kutafuta kuni kwenye msitu wa hifadhi, na kila waliposikia pikipiki ya askari wa msitu walitoka mbio. Siku moja Josepha alikimbia na mzigo kichwani, akaanguka vibaya, na nyonga haikurudi ilivyokuwa. Jumuiya ya kigango ikakaa, ikasali, ikaamua kupanda mikaratusi karibu na nyumba. Kilichokosekana ni ardhi. Mektilda akasimama akasema chukueni kipande changu cha kando ya shamba, kule kwenye njia ya zamani ya misafara ambayo siku hizi ni ya baiskeli na mbuzi. Wakampigia vigelegele.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: miti ile ilifanya kazi. Ilipanda juu upesi, na Josepha akawa anakata matawi yake karibu kabisa na nyumba, anachechemea nayo jikoni, anapika. Bwana misitu alikuja kuikagua, akainua uso, akasikia njiwa wakilia huko juu. "Mmerudisha ndege, akina mama," akasema, wakapiga makofi tena. Walikuwepo njiwa kweli. Walikuwepo na kunguru, wale wa kifua cheupe, wamejenga kwenye matawi ya juu kabisa. Ndege wa chini hakuna aliyewakumbuka siku ile, hata Mektilda.

Mlinzi ni ndege wa uwanda, hataki kitu kirefu karibu naye. Miti ilipokuwa ya kiunoni, walinzi walitaga pembeni yake bila wasiwasi. Ilipompita mtu kimo, wakasogea katikati ya shamba. Ilipolipita paa la kigango, wakabanana kule mwisho, mbali kabisa na kivuli. Na huko nako mayai yakaanza kupotea. Mektilda alifikiri wapita njia hawavioni vijiti vyake, wanakanyaga, au watoto wanachezea. Basi akaongeza urefu wa vijiti. Akavimenya vizuri zaidi, vikawaka shambani kwa weupe. Mayai yakazidi kupotea.

Mwaka huu jozi ile moja ilipotaga, alichomeka kijiti kirefu kuliko vyote. Aliporudi kutazama, kijiti kilikuwa kimesimama wima na pembeni yake hakuna kitu. Hapakuwa na ganda wala alama ya kwato. Akiwa bado ameinama, akamwona Josepha anakuja kutoka upande huo huo wa mwisho wa shamba, anachechemea, amefunga kitu ndani ya khanga na kukikumbatia kifuani.

"Wifi, umebeba nini?"

"Nimebeba uzee," Josepha akajibu, maana mawifi wale hawakuwahi kujibizana bila utani.

"Kwenye khanga."

Josepha akasimama. Aliutazama uso wa mwenzake, utani ukamtoka.

"Mayai ya mlinzi hayapo," Mektilda akasema. "Na wewe unatoka huko huko."

"Sema unachotaka kusema."

"Wahenga wamekwisha kusema. Kikulacho ki nguoni mwako."

Neno likitoka halirudi. Mektilda alilisikia likitoka, akatamani kulimeza, na badala ya kulimeza akanyoosha kidole kwenye ile khanga. Josepha aliifungua polepole. Ulikuwemo uyoga wa kichuguu, ule mkubwa mweupe unaochomoza mvua ya kwanza ikinyesha, mwingi, wa kutosha nyumba mbili. Aliuachia wote ukamwagika miguuni pa Mektilda.

"Nilikuwa nakuletea nusu," akasema. "Na kijiti hicho ni cha mama yangu. Wewe ulikikuta."

Akaondoka na nyonga yake. Mektilda hakuuokota uyoga, na hakumwita.

Jumapili kigangoni, katekista alipowaambia wapeane amani, Josepha alimpa mkono kila aliyekuwa karibu, kisha akageuka akapekua kitabu cha nyimbo. Watu waliona. Lakini kilichomuuma Mektilda kilikuja siku iliyofuata. Aliwaona wanawake wachache wasio na zamu ya kukata kuni kwenye mikaratusi siku ile wakielekea msitu wa hifadhi na kamba zao, na nyuma yao, mbali kidogo, Josepha. Amekataa kukanyaga penye miti ya Mektilda. Alikwenda akiyumba, mguu mmoja ukiandika barabara, na hakuna aliyethubutu kumwambia arudi. Mektilda alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Aliona aibu, kisha akakasirika kwa sababu ya kuona aibu, kisha akajiambia mwizi siku zote ndiye anayenuna zaidi.

Walinzi hawakuhama. Walikwangua tena, si mbali na pale pa kwanza, wakataga mayai matatu. Mektilda alipoyaona alipiga ishara ya msalaba. Alichomeka kijiti, tena kirefu, halafu hakwenda nyumbani. Alijibanza nyuma ya kichuguu. Tuseme ukweli: hakwenda kuwalinda ndege, alikwenda kumfumania wifi yake. Alikuwa amekwisha panga na maneno ya kumwambia.

Jua lilikuwa linaanza kuuma. Mlinzi jike alirudi akayalalia mayai. Kule kwenye mikaratusi kunguru mmoja akaachia tawi. Hakuzunguka wala hakutafuta. Alikuja moja kwa moja, kama mtu aliyeelekezwa nyumba, akatua juu ya kijiti.

Mektilda hakuelewa mara moja. Alimwona kunguru akiinamisha kichwa upande huu na upande ule, mlinzi akiinuka na kupiga mayowe, dume naye akishuka kutoka juu kwa hasira. Kunguru akaruka chini, akadonoa, akainuka na yai mdomoni. Wa pili alikwisha fika. Hapo Mektilda akatoka nyuma ya kichuguu akipiga kelele kuliko ndege wenyewe, akavua kandambili akarusha, akavua ya pili akarusha. Kunguru wakarudi kwenye miti yake. Miti yake mwenyewe, aliyoitolea ardhi.

Mayai yalibaki mawili. Aliyatazama, akakitazama kijiti, akaelewa. Bado alitaka awe amekosea. Alikwenda upande mwingine wa shamba, mahali pasipo na chochote, akachomeka kijiti kingine cheupe kwenye udongo mtupu, akarudi nyuma ya kichuguu. Haukupita muda kunguru akaja. Alitua, akashuka, akatembea kukizunguka kile kijiti akipekua udongo, akakizunguka tena, kwa subira, kama mtu aliyeahidiwa chakula.

Mektilda alikaa chini akalia. Alilia kwa ajili ya mayai yote ya miaka yote hiyo. Yeye ndiye aliyewatengea kunguru mezani, na kila walipokula yeye akasogeza sahani karibu zaidi. Na kila alipofanya hivyo alijiona mwema.

Jioni ile hakula. Kesho yake alikata matawi ya mikaratusi, akafunga mzigo mkubwa, akaubeba kichwani mpaka kwa Josepha. Alimkuta uani anapepeta mchele. Alimsalimu Kinyamwezi, kama walivyozoea nyumbani. Josepha akajibu kwa Kiswahili, kama anayemjibu karani.

"Karibu. Una shida gani?"

Mektilda alitua mzigo, akapiga magoti palepale kwenye makapi. "Nimekukosea, wifi. Ni kunguru. Nimewaona kwa macho yangu. Wanakaa kwenye miti wanatazama vijiti. Pasipo na mayai wanakuja pia, ili mradi kuna kijiti."

Josepha alipepeta. Alipepeta mchele uliokwisha kuwa safi. Hatimaye akaweka ungo chini.

"Yaani mwizi ana mabawa, na wewe ukamwekea bango?"

"Ndiyo."

"Tena bango refu."

"Ndiyo, wifi."

Josepha alianza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa, na Mektilda naye akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha kicheko kikakatika, maana wote wawili waliyaona yale yaliyokuwa nyuma yake.

"Kungekuwa hakuna miti," Mektilda akaanza.

Josepha aliweka mkono kwenye nyonga na kuuacha hapo, kisha akautazama ule mzigo wa kuni. Mektilda aliifunga ile sentensi bila kuimaliza. Ungemwambia nini mtu kama huyo? Arudi msituni akakimbie pikipiki ili ndege wawili waangue?

"King'oe," Josepha akasema mwishowe, sasa kwa Kinyamwezi. "Kijiti, si miti. Mama angekuwa hai angeking'oa mwenyewe. Yeye alikichomeka wakati hakuna wa kukisoma isipokuwa sisi."

Mektilda alikwenda akaking'oa siku hiyo hiyo.

Lakini kilimo hakimsubiri mtu. Mvua ilikuwa imekolea na majani yameshika shamba. Ikongwa wanalima kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, mwenye shamba anapika na kukoroga togwa. Ukiruka zamu yako unaangukia mwisho, wakati mahindi ya wenzako yamekwisha ota. Zamu ya Mektilda ilifika kabla ya mayai kuanguliwa, na hakuwa na la kufanya. Aliwaza kuacha kipande kisilimwe. Akaona majani yaliyosimama peke yake katikati ya shamba jeusi ni bango jingine, kubwa zaidi. Basi aliamua kulima upande ule yeye mwenyewe, kwa uangalifu, mpaka ukingoni mwa mayai, pabaki sawa na pengine pote, kusiwe na cha kusomwa.

"Huko mwisho nitakuwa mimi," aliwaambia wenzake asubuhi. "Mtu asinitangulie."

"Leo Mama Vedasto ana nguvu!" akasema Veneranda, kiongozi wa kikundi, mwanamke anayeweza kulima na kuimba bila kupumua katikati. Wakacheka, wakajipanga mstari, wakaanza. Josepha alikuwa hapo pia, hawezi kulima sana lakini hakubali kubaki nyumbani. Alipewa mstari mfupi jirani na wifi yake.

Mahali pa kiota Mektilda alikuwa amepashika kichwani. Kutoka kwenye kichuguu unaelekea kisiki, kabla ya kisiki unakuta bonde dogo. Lakini mvua ya usiku ilikuwa imelijaza tope lile bonde, na kisiki kilikuwa tayari upande wa pili wa tuta jipya. Kila alipoinua uso shamba lilikuwa si lile la jana. Miaka yote hiyo hakuwahi kulazimika kukumbuka. Kijiti kilikumbuka kwa niaba yake.

Akategemea ndege. Walinzi walikwisha ruka, wanazunguka juu wakifoka, na wimbo wa Veneranda ukazipokea kelele zao na kuzifunika. Kisha jike akatua mbele, umbali mzuri, karibu na mpaka. Alitazama kulia na kushoto. Akakunja miguu yake myekundu, akajitikisa kifua kama anayeyapanga mayai, akatulia chini.

"Asante Mungu," Mektilda akasema kwa sauti. Kiota kiko kule. Alikuwa amekadiria vibaya, bado ana nafasi. Mabega yakamlegea, akainua jembe na kulima kwa nguvu kama wenzake, akafuata wimbo, na kwa mara ya kwanza siku ile akaimba.

Jembe lilishuka, na sauti aliyoisikia ilikuwa ndogo. Haikuwa sauti ya jiwe. Alipolivuta, tope lilikuwa na kitu cha manjano, na kipande cha ganda chenye madoa, na ndani yake kitu kilichokwisha kuwa na miguu.

Aliacha kuimba, akasimama na jembe. Kule mpakani mlinzi jike aliinuka kutoka pale alipokuwa amelala. Mahali alipoinuka palikuwa patupu. Alikimbia hatua chache, akatua tena mbali zaidi, akakunja miguu, akajitikisa kifua, akawatazama. Josepha alikuwa mtoto wa nyumba ile, alizaliwa katikati ya ndege hawa. Alitazama jembe la wifi yake, akamtazama ndege, akaelewa yote mawili: mayai yamekwisha, na mama yao anajifanya kuyalalia ili awavute mbali nayo.

Nyuma yao Veneranda alikuwa anauliza kwa nini mstari umesimama. Josepha akaupokea wimbo, kwa sauti ya juu, akaubeba peke yake mpaka wengine wakauitikia tena na mstari ukasogea. Kwa mguu wake mbovu akasukuma udongo juu ya yale ya manjano, akaukanyaga ukakaa sawa. Kisha akamshika Mektilda kiwiko.

Ndege aliinuka tena. Akatua mbele kidogo, akayalalia mayai yasiyokuwepo, akasubiri wamfuate.

"Twende, wifi," Josepha akasema. "Tumfuate. Asijue."

Wakaacha majembe wakamfuata, mmoja akichechemea na mwingine akilia, na kila walipomkaribia yule ndege aliinuka na kuwapeleka mbali zaidi.